Maini Kumi na Tisa

Kwa mara ya sita Shufaa alidondosha tone la damu kwenye kisahani cha kioo chenye maji baridi ya bahari, akaanza kuhesabu. Alipofika themanini na tatu, wapishi wote walikuwa wamekufa.

Aliwaona kwa hadubini wakilegea mmoja baada ya mwingine, viduara vidogo vya bakteria vilivyojaa punje za salfa, kisha wakipasuka kama mapovu ya sabuni. Hakuna aliyeota mkia. Hakuna aliyeogelea hata unene wa unywele. Pembeni mwa kisahani hichohicho mnyoo mchanga, mdogo kuliko punje ya ufuta, alikuwa ameachama akisubiri.

"Kula basi!" Shufaa alimwambia. "Wamekufia mdomoni mwako, na wewe umekaa tu."

Papo hapo akaona haya, akageuka kutazama mlango kama kuna mtu aliyemsikia. Hakukuwa na mtu. Akaichukua kalamu na kuandika kwenye daftari: *Sindano ya sita. Bure.*

Mnyoo wa dohani huzaliwa na mdomo na utumbo, lakini hana mpishi hata mmoja. Ana siku chache za kuwapata ndani ya maji. Akiwapata, wale bakteria humwingia kupitia ngozi, hujenga makao ndani yake, na tangu hapo humpikia chakula kutokana na gesi inayofoka chini ya bahari, ile inayonuka yai viza. Mdomo wake hujifunga. Utumbo wake hupotea, kwa maana hauhitaji tena. Asipowapata, hufa akiwa ameachama.

Miezi minne iliyopita, nje ya Kituo cha Tanuri, mita elfu mbili na mia nne chini ya maji, Bomba la Tatu lilikuwa limepasuka. Maji ya moto yalifurika juu ya shamba zima la minyoo. Wale wakubwa, warefu kama watu, wenye vichwa vyekundu mfano wa vilemba, waliiva ndani ya mirija yao, na wapishi wao wakaiva pamoja nao. Sasa mkondo ulikuwa umeleta watoto kutoka shamba jingine la mbali, lisilojulikana lilipo. Walikuwa wametua kwa maelfu juu ya mawe meusi, na majini hamkuwa na mpishi wa kuwaingia. Kwa hesabu ya Shufaa zilibaki siku sita.

Wapishi wa aina ile walikuwa wamebaki mahali pamoja tu panapojulikana: chini ya mbavu za kulia za Nsajigwa Mwaisumo, fundi wa mabomba, mwenye umri wa miaka hamsini na nane.

Kwa sindano hawakutoka salama. Mpishi aliyezoea kukaa ndani ya mwili hana mkia. Huuota pale tu nyumba yake inapokufa polepole kwenye baridi, ikiwa nzima. Tone la damu halitoshi. Wala kipande hakikatiki, kwani ini la pili limejaa mishipa tupu, ukiligusa kwa kisu kwenye ukingo damu haizuiliki. Ama litoke lote, ama libaki.

Kengele ndogo ililia kwenye meza. Ofisi ya Juu, iliyokaa ndani ya meli iliyotia nanga juu yao, ilikuwa imeijibu barua yake ya saba. Shufaa aliifungua kwa pupa.

*Barua yako imepokelewa. Ili maombi yako yashughulikiwe, ambatisha sampuli iliyochemshwa kwa mujibu wa Kanuni ya Usafi wa Bahari.*

Aliisoma mara tatu. "Iliyochemshwa," alisema. "Nawaambia natafuta walio hai, wananiambia niwachemshe kwanza!" Akaipiga meza kwa kiganja, na meza ya chuma ikamwumiza yeye.

*

Kituo cha Tanuri hakikuwa na jiko. Kila aliyeshuka kufanya kazi pale alipandikizwa kwanza ini la pili lililojaa wapishi, na ubavuni akawekewa kizibo kidogo cha kuunganishia mpira. Mara mbili kwa kila zamu waliketi kwenye benchi refu walilolibatiza jina la baraza, wakaunganisha mipira yao, na maji ya vuguvugu yenye gesi yakapita mwilini kwa robo saa. Wapishi wakapika, watu wakashiba. Hakuna aliyetia kitu kinywani isipokuwa maji ya kunywa.

Hata hivyo, kabla ya kuunganisha, birika na bakuli vilipita mkono kwa mkono, na kila mtu akanawa. Aliyeingia aliambiwa karibu. Ulikuwa mzaha wa Nsajigwa alipofika miaka kumi na moja iliyopita. Siku hizi asiyenawa alionekana hakulelewa.

"Karibu, mama lishe," Nsajigwa alimwita Shufaa alipomwona mlangoni. Ndilo jina alilompa, kwa kuwa yeye ndiye mlezi wa maini yao.

"Ahsante. Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona uso umekunjamana kama tambara la deki? Damu yangu imekukosea nini tena?"

"Wamekufa."

"Wote?"

"Wote. Sikufika hata mia."

"Wapishi wa mzee wamechoka," alisema Chande, mchomeleaji kijana ambaye mdomo wake haukujua likizo. "Ukiwatoa nje kidogo wanauliza kiti kiko wapi." Benchi zima likacheka. "Subirini Alhamisi. Mzee atawekewa wapya kama sisi, anenepe mpaka suti imkatae."

"Ninenepe mimi? Mimi mwembamba tangu Kyela. Na hawa tumezoeana. Hao wenu wapya nasikia wanapika bila chumvi."

Shufaa alinawa, akaketi, akaunganisha mpira wake kimya. Wapishi wapya walikuwa wametengenezwa maabara huko juu na walilisha karibu mara mbili ya wale wa asili. Mwaka jana yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwapokea, ili wengine wasiogope. Alimeza vidonge siku tatu, wa zamani wakafa ndani yake kwa homa iliyomtetemesha mpaka meno, kisha wapya wakamiminwa kwenye ini lilelile. Baada yake wakafuata wengine, zamu kwa zamu. Sasa alibaki Nsajigwa peke yake. Na wale wapya minyoo hawakuwataka. Shufaa alikuwa amejaribu, na ngozi ya mtoto wa mnyoo iliwazuia kama mlango uliokomewa.

"Alhamisi umeze, mzee," Chande aliendelea, "au upande juu ukale ugali."

"Nikale kwa utumbo upi?" Nsajigwa alijigonga tumbo. "Umebaki kama kamba ya kiatu. Mmesahau Mama Hosea? Walipomtoa ini akapanda, miezi saba ya uji, kijiko kijiko, analia kama mtoto anayeota meno. Na ini la pili hulipewi mara mbili. Ukitoka umetoka." Akautazama ukuta, ambako mabomba yalikuwa yakinguruma kwa mbali. "Mimi niacheni hapa na mabomba yangu. Huko juu nani ananijua?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Shufaa aliinamisha macho kwenye mpira wake, na maneno ya kumwomba ini aliyokuwa ameyapanga tangu asubuhi hakuyasema.

*

"Shufaa, mdogo wangu, barua zako nimezisoma zote," alisema Daktari Aikande kwenye skrini. Alikuwa mganga mkuu wa Ofisi ya Juu, mama wa makamo mwenye sauti laini na macho yaliyokosa usingizi.

"Basi mbona majibu yanakuja vile, Daktari?"

"Siyaandiki mimi. Yanajiandika. Nisikilize. Kanuni inaruhusu kutoa ini kwa mambo matatu: mkataba kwisha, kifo, au ini lenyewe kuugua. Mkataba wa Nsajigwa bado miaka minne."

"Na kila linalotolewa lichemshwe."

"Hilo la kuchemsha..." Daktari Aikande alivuta pumzi. "Chumba chako hakina kamera."

Shufaa aliutazama mtungi wa mvuke wa kuchemshia uliokuwa pembeni.

"Wewe ndiye mlezi wa maini," Daktari aliendelea. "Ukiandika limeoza, nani atakubishia? Mimi nitatia sahihi. Atahuzunika, atakunywa uji, atapona. Na hao watoto wako watapata wapishi. Shamba zima litarudi, Shufaa. Ukimpa wapya Alhamisi, wale wa zamani hawapo tena, si kwake wala kwingine tunakokufahamu."

"Kwa nini tusimwombe?"

"Mtu anaombwa ini kama anavyoombwa chumvi?"

"Lakini ni lake."

"Na akikataa? Ukishamwomba umeufunga mlango mwingine, kwa kuwa atajua. Nasema hivi kwa sababu nakupenda. Fikiri vizuri, usifikiri sana."

Skrini ikazimika. Shufaa alibaki akiangalia uso wake mwenyewe kwenye kioo cheusi. Alitamani angefokewa. Aliyefokewa anajua pa kusimama. Huyu alikuwa amemfungulia mlango kwa upole, akamwachia yeye dhambi ya kuingia.

Akatoa kitabu cha maini kutafuta namba ya Nsajigwa. Kurasa zilikuwa safi. Mstari wa kwanza: tarehe, jina, *limetolewa, limechemshwa dakika arobaini, S. Makame*. Mstari wa pili vivyo hivyo. Akashuka kwa kidole mpaka chini. Kumi na tisa. Miaka mitatu, watu kumi na tisa waliomaliza mkataba au waliofia kazini, na kila ini alilipokea kwa mikono yake, akalitia kwenye mtungi wa mvuke, akafunga kifuniko, akasubiri. Kanuni ilisema kiumbe aliyeishi ndani ya mtu ni uchafu, asirudishwe baharini. Shufaa hakuuliza. Alichemsha kwa uangalifu, mara nyingine akiongeza dakika tano, akiamini anawalinda minyoo.

Hakuna mwingine aliyechemsha. Ni yeye tu. Hata lile lililokuwa ubavuni mwake mwenyewe alikuwa amewaua wapishi wake kwa vidonge, na siku hiyo wakampigia makofi.

Akachukua fomu. Kwenye nafasi ya sababu akaandika, kwa mwandiko uleule mzuri: *Ini limeoza.*

*

Nsajigwa alikuwa karakana, ameliegemeza sikio kwenye bomba. Alimwashiria Shufaa asogee.

"Sikiliza. Unasikia linavyokohoa? Valvu ya pili hiyo. Wiki mbili hazifiki. Vijana wanasubiri taa iwake, mimi nasubiri kikohozi." Akageuka. "Haya, sema."

"Nimekuja kwa ajili ya ini lako, baba."

"Ehe."

"Nimeliona kwenye kipimo. Lina... kuna sehemu si nzuri."

Mzee aliiweka spana chini taratibu. Kiganja chake kikaenda ubavuni.

"Limeoza?"

Shufaa aliigusa fomu mfukoni, imekunjwa mara nne.

"Sema tu, mwanangu. Hadubini mimi siijui, najua mabomba. Kama wewe umesema limeoza, basi limeoza." Alikohoa kidogo, akajaribu kucheka. "Utalitoa lini? Nipate kumwonyesha Chande hii valvu."

Ilikuwa rahisi mno, na hilo ndilo lililomchoma. Barua saba za ukweli zilikuwa zimegonga ukuta; nusu sentensi ya uongo ilikuwa imeingia moja kwa moja, ikakaribishwa, ikapewa kiti. Ofisi nzima haikumwamini alipokuwa mkweli. Mtu huyu alimwamini akiwa mwongo.

"Halijaoza," alisema.

"Nini?"

"Nimekudanganya. Ini lako ni zima. Halijapita mikononi mwangu ini zima kuliko hilo." Machozi yalikuwa yakimtoka na alijichukia kwa ajili hiyo, kwa sababu hakutaka ahurumiwe. "Nalitaka kwa ajili ya minyoo. Hao wapishi wako ndio wa mwisho. Nikikupa vidonge Alhamisi, wamekwisha. Nikilitoa zima nikaliweka nje kwenye mawe, wanaweza kuota mikia wakawaingia wale watoto. Nasema wanaweza. Sina hakika. Na wewe itakubidi upande, na hutashuka tena."

Nsajigwa aliuondoa mkono ubavuni. "Na kwa nini ndio wa mwisho? Tumetoka wengi hapa tukiwa nao."

Shufaa alijua swali hili lingekuja.

"Niliyachemsha."

"Uliyachemsha nini?"

"Maini. Yote kumi na tisa."

"La Mama Hosea?"

"Nililichemsha."

"La Simbeye?"

"Nililichemsha, baba."

Nsajigwa akataja majina mengine manne, na mara zote nne Shufaa akajibu hivyohivyo. Kisha bomba likakohoa.

"Mama Hosea siku anapanda," alisema mwishowe, "aliniambia, 'Sina kinyongo, Nsajigwa. Angalau bahari nimeirudishia wapishi wake.' Mimi nikamwambia, ndiyo, mama, umerudisha. Sote tulidhani mnawarudisha."

"Kanuni ilisema..."

"Usinitajie kanuni! Uliwahi kutuambia?"

"Hamkuniuliza." Alipoyasikia maneno yake mwenyewe alitamani kuyameza.

"Hatukukuuliza," Nsajigwa alirudia. "Mtu anamwuliza mama lishe kama chakula amekimwaga? Sasa vimekwisha vyote, umekumbuka kuna changu. Unakuja na maneno matamu."

"Sikuja na maneno matamu. Nilikuja na uongo."

"Ondoka," alisema mzee, akainua spana, akampa mgongo.

*

Jumanne na Jumatano zikapita. Fomu aliichana, akamwandikia Daktari kwamba ameshamwambia mzee ukweli. Daktari Aikande alituma ujumbe wa neno moja, *Umeharibu*, kisha hakujibu tena. Shufaa alijaribu sindano ya saba kwa damu ya zamani aliyoigandisha, akijua ni upuuzi; alifika hamsini na mbili. Kwenye mawe, chini ya kamera, watoto wa minyoo walikuwa wameanza kufa kuanzia kingo za shamba, na waliokufa walionekana sawa kabisa na walio hai, midomo wazi, ila hawakutikisika mkondo ulipopita.

Alhamisi Nsajigwa aliingia maabara kwa saa aliyopangiwa, wala hakuchelewa. Shufaa alikuwa ameweka kidonge cheupe kwenye kikombe.

"Ndicho?"

"Ndicho. Kimoja leo, kimoja kesho, kimoja keshokutwa. Homa itakuja jioni."

Mzee akakichukua kikombe lakini hakumeza. "Twende baraza kwanza. Wamekaa wote. Ukawaambie ulichoniambia."

Mbele ya watu watatu tu sauti ya Shufaa ilikuwa ikipotea. "Nikiwaambia... utakubali kulitoa?"

"Sikusema hivyo. Usije ukaufanya ukweli mtego wa kunasia ini langu. Wale ni haki yao wajue, basi."

Walipoingia, mtu mmoja alisema karibu, na bakuli likaanza kusogea. Shufaa hakunawa. Alisimama katikati, mikono imeshikana tumboni, akasema. Alisema kwa sauti ndogo kiasi kwamba wa mwisho kwenye benchi aliinama mbele kusikia, na ilimlazimu aanze upya. Maini kumi na tisa. Mtungi wa mvuke. Dakika arobaini. Hakutaja kanuni.

Chande ndiye aliyeuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na utani ndani yake. "La kaka?" Kaka yake Chande alifia pale kituoni mwaka juzi, akirekebisha bomba.

"La Mfaume pia," Shufaa alisema. "Nililichemsha. Nisamehe."

Chande aliuchomoa mpira wake kabla ya wakati, maji ya vuguvugu yakamchuruzika ubavuni. Akalichukua bakuli la kunawia, akayamwaga maji yake sakafuni na kulifudikiza juu ya benchi, kama lifanywavyo bakuli la nyumba isiyopokea wageni. Akatoka. Wengine wakachomoa mipira yao mmoja mmoja, wakamfuata, hakuna aliyemgusa Shufaa wala kumtukana. Angalau wangemtukana.

Wakabaki wawili. Nsajigwa alikuwa bado ameshika kikombe.

"Nikimeza hiki," alisema, "wanakufa wangapi?"

"Wote."

"Na hao hawana kosa."

"Hawana."

"Na nikitoa, wewe utaandika nini?"

"Kwamba umetoa kwa hiari, na kwamba sikuchemsha. Fomu haina nafasi ya hilo. Nitaandika pembeni. Watanipandisha na mimi, na kazi hii sitapewa tena."

"Vizuri," alisema, na hakulisema kwa wema. "Upande na wewe." Akamrudishia kikombe, kidonge kikiwa ndani. "Usije ukadhani nimekufanyia wewe. Mama Hosea bado yuko hai huko juu. Nilimwambia ndiyo, umerudisha. Nataka nikikutana naye niwe nimepunguza uongo huo, hata kwa moja."

Shufaa alitaka kushukuru, akaona shukrani itakuwa matusi. Akaenda kuwasha mashine ya upasuaji.

Ilichukua saa tatu. Ini lilitoka zima, jekundu lenye weusi, zito kuliko alivyokumbuka. Mkono ulizoea njia. Ulijielekeza wenyewe upande wa mtungi wa mvuke, na ilimbidi ausimamishe. Akalitia kwenye kizimba cha waya, akalipitisha kwenye tundu la kutolea vitu. Kule nje mkono wa chuma ukalipokea, ukaliweka juu ya mawe, katikati ya wale ambao bado walitikisika.

*

Siku ya tatu Shufaa aliingia kwenye chumba cha wagonjwa na bakuli la uji wa mchele kutoka sanduku la dharura. Meli ilikuwa imeagiza wapandishwe wote wawili Jumatatu. Nsajigwa alikuwa amelala chali, mashavu yamebonyea, mkono mmoja umefungwa mpira wa dripu.

Kijiko cha kwanza alikikalisha kinywani muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Alipokimeza, uso mzima ulikunjamana. Baada ya dakika mbili kikarudi chote, kikamwagikia kidevuni na kwenye shuka.

"Kyela sisi ndio wenye mchele," alinong'ona, "na hebu tazama. Mchele wenyewe umenikana."

Shufaa alinyoosha kitambaa amfute. Mzee akausukuma mkono wake, akajifuta mwenyewe.

"Umewatazama?"

"Nimewatazama. Niliwaleta arobaini ndani, nikawapima mmoja mmoja."

"Ehe."

"Watatu wameingiwa, baba. Nimewaona wapishi ndani yao, wanagawanyika."

"Watatu." Nsajigwa aliinua kichwa kutoka kwenye mto. "Ini langu zima, miaka kumi na moja ya kulilea, halafu unaniambia watatu?"

"Kati ya hao arobaini. Nje wamo wengi, na ini bado halijafa lote. Labda watafika mamia." Angeweza kuishia hapo, na ingekuwa tamu. "Labda ni hao watatu tu. Sijui."

"Hujui."

"Sijui."

Alilala tena, akalitazama bomba lililopita darini. Lilikohoa mara moja, likanyamaza. Midomo yake ilitikisika, na Shufaa akajiandaa kutukanwa. Alikuwa amekwisha kukubali kwamba ni haki yake.

"Haya," alisema mzee, akifumba macho na kuachama. "Lete kijiko kingine."